Waliniita Sanduku la Barafu

Sanduku la barafu la mashua yetu lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, limepakwa rangi nyeupe ndani, na kuliosha ilikuwa zamu ya kila mmoja wetu. Siku ninayoikumbuka haikuwa zamu yangu, lakini nililiosha mimi. Nililiosha kwa maji ya bahari, kwa sabuni ya kipande, kwa majivu, kwa ndimu, kisha kwa maji ya bahari tena. Harufu haikutoka. Leo nina miaka arobaini na sita, naishi mbali na Mafia, na bado nikifungua jokofu la mtu yeyote hubana pumzi kwanza.

Sanduku la Barafu lilikuwa pia jina langu la utani. Wavuvi wenzangu pale Utende walinipa jina hilo kwa sababu nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu na sikuwahi kupandisha sauti. Mtu alikuja kwangu anatetemeka kwa hasira, akaondoka amepoa. "Mpelekee Sanduku," walikuwa wakisema, "litapoa humo." Nililipenda jina lile. Nikikumbuka nilivyolipenda napata kichefuchefu zaidi kuliko nikikumbuka harufu.

Nilikuwa nimerudi kisiwani baada ya miaka mingi ya kutangatanga. Nilifyatua matofali Mtwara, nikalinda ghala Tanga, nikauza mitumba Lindi, na kila mahali nilipoanza kuzoeleka nilifunga begi. Nilirudi kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Alikuwa na wana wawili, binamu zangu. Mkubwa alinizidi miaka mitatu, mdogo alikuwa nyuma yangu kwa miaka sita. Tulikula sinia moja tangu utoto, na mimi niliwaita kaka na mdogo wangu kama vile tumetoka tumbo moja.

Hiyo ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari, wakati juya lilipokuwa limekatazwa. Juya ni ule wavu mrefu wa macho madogo unaokokotwa chini, unaozoa samaki, mayai yao na kila kilichomo. Ukisalimisha juya, kikundi chako kinapewa majarife, yaani nyavu za macho makubwa, na mashine ya mashua. Sharti lilikuwa kuwa na kikundi cha watu kumi chenye mwenyekiti na katiba. Ukoo wetu ulikuwa na wanaume kumi, na mmoja tu aliyemaliza kidato cha nne. Kwa hiyo nikawa mwenyekiti.

Juya letu lilikuwa la marehemu mume wa shangazi. Aliliunga kwa mikono yake, na wanawe walijua kila kiraka. Siku ya kulisalimisha, kaka alikuwa Kilwa kwenye msiba wa mkwewe. Fomu ilikuwa mezani, mimi nimeshika kalamu. Mdogo alisimama nyuma yangu, anasugua vidole vya mkono wa kulia kwenye suruali.

"Kaka, hatumsubiri mwenzetu?" aliniuliza. "Hili ni la baba."

"Wanafunga orodha leo," nilisema. "Weka sahihi. Nitamwambia mimi."

Akaweka sahihi. Mimi sikumwambia kaka. Aliposhuka kutoka Kilwa habari alizikuta ufukweni, midomoni mwa watu, zimeshatiwa pilipili. Alifika nyumbani kwa shangazi asubuhi tunakunywa uji. Hata salamu hakutoa.

"Nani katoa juya la baba?"

Mdogo akanitazama. Namkumbuka alivyonitazama, hakuwa ananilaumu, alikuwa ananipisha niseme. Mimi nikatazama ndani ya bakuli. Uji ulikuwa umeanza kufanya ngozi juu, nami nikaisukuma ile ngozi kwa kijiko, taratibu, kama mtu mwenye kazi kubwa.

"Mimi," akasema mdogo.

Tangu asubuhi ile hawakusemezana. Nami nilisifiwa kwa utulivu wangu. Shangazi, aliyezoea kuniita baba, aliwaambia majirani, "Wanangu walitaka kuchinjana, huyu baba hata hakutikisika." Nikameza sifa ile pamoja na uji.

Miaka miwili tulivua hivyo. Kaka alikuwa tezi, nyuma, ameshika usukani, kwani yeye ndiye aliyejua njia. Mdogo alikuwa omo, mbele, kwenye nanga na kamba. Mimi nilikaa katikati, juu ya sanduku la barafu, na kila neno lililotoka nyuma kwenda mbele lilipitia kwangu.

"Mwambie atie nanga."

"Tia nanga."

"Muulize huyo nahodha wako, nanga tutie juu ya mwamba?"

"Anauliza kama ni juu ya mwamba."

"Mwambie kama ana macho atazame."

"Anasema tazama vizuri, mdogo wangu."

Hapo nilikuwa nimeshalainisha. Nilikuwa fundi wa kulainisha. Tusi liliingia upande mmoja wa kichwa changu likatoka upande wa pili limekuwa ushauri. Wenzetu saba mashuani walicheka mpaka wakazoea, wakaacha kucheka. Mmoja wao, mkwe wetu mwenye mdomo, alikuwa akisema, "Mwenyekiti, siku ukipata mafua tutazama." Nami nikatabasamu lile tabasamu langu.

Kulikuwa na mengine yaliyokuwa yakiletwa kwangu pembeni. Kaka alinikalia kitako ufukweni akamsengenya, akamla nyama mdogo wake kuanzia uvivu mpaka namna anavyotafuna. Mdogo akija, alimla kaka. Niliwasikiliza wote, nikaitikia, na wote wawili waliondoka wakijua niko upande wao. Wakishaondoka nilijisikia mdomo mchungu, kama niliyetafuna kitu kilichokwisha kutafunwa na mwingine. Lakini kesho yake niliwangoja tena. Lazima niliseme hilo. Niliwangoja. Mtu anayetangatanga hana mahali pake, na hapo kati yao palikuwa pangu.

Mwaka wa pili niliitwa Kilindoni kwenye mafunzo ya siku mbili ya viongozi wa vikundi. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegonga mbao, joto linatiririka mgongoni. Kila mwenyekiti aliyesimama alijisifu. Mmoja alisema kikundi chake hakijawahi kugombana tangu kianzishwe, huku katibu wake, ameketi kando yake, akitazama dirishani. Nilichukia kila kitu mle ndani, harufu ya chaki, soda za moto, makofi.

Mkufunzi alikuwa mama wa bara, mnene, mpole, aliyekuwa nesi kabla ya kazi hiyo. Hakuzungumzia katiba wala mihtasari. Alisema kikundi ni familia hata kama wanachama wake si ndugu, na familia ni kama mwili mmoja, kidole kikiungua usingizi unapotea mwili mzima. Halafu akachora maduara matatu ubaoni.

"Mbona umechora mafiga, mwalimu?" akauliza mtu wa Jibondo. Darasa likacheka.

"Hayo hayo," alisema. "Watu wawili wakishindwa kubeba joto lao, humtafuta wa tatu wamwekee. Naye akikubali, wale wawili wanapumua, na ugomvi hauishi kamwe, kwa sababu umepata pa kukaa. Niambieni, ni figa gani linaungua?"

 Akatugawia karatasi, tuchore wazee wetu na sisi, na tuweke mstari pale watu wanaposemezana kwa kupitia mtu mwingine. Nilichora baba na shangazi. Walikuwa wakigombania minazi tangu sijazaliwa, na nyua zao zilipakana. "Kamwambie baba yako mbuzi wake yuko kwangu." "Kamwambie shangazi yako amfunge." Nilikuwa na miaka sita na nilijua tayari kuondoa neno "mshenzi" njiani. Karatasi yangu ilipokwisha, mistari yote ilipita kwenye duara langu. Nikaikunja haraka, kama mtu aliyekutwa na nguo chafu mkononi.

Mama yule alipita kati ya madawati, akasimama kwangu.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, ilimradi niseme kitu.

"Marahaba. Ndugu mwenyekiti, wenzako wanasema wewe hukasiriki."

"Najitahidi kutulia, mwalimu."

"Unatulia au unajificha?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kiongozi aliyetulia si asiyetoka jasho," alisema. "Anasema lililo lake, kwa mdomo wake, mbele ya mwenyewe, halafu anabaki kwenye kiti. Habebi la mtu, na hakimbii. Wengi wetu tunaweza moja tu kati ya hayo. Asiyebeba anakimbia, na asiyekimbia anabeba."

Nilimchukia kwa muda wa saa nzima. Mtu wa bara, anakula wali wetu, anatufundisha ndugu zetu! Lakini Mtwara, Tanga na Lindi zilinipita kichwani na begi langu, na nikajua nimeyafanya yote mawili maisha yangu yote, nilibeba mpaka nikachoka, kisha nikakimbia.

Nilirudi Utende nikiwa na daftari. Na nilichofanya na daftari lile ndicho kibaya zaidi. Niliyatumia maneno yake kama manukato. Nilikaa juu ya sanduku langu nikawaambia wenzangu kwamba sisi ni mwili mmoja, kwamba kiongozi lazima awe mtulivu. Nilijifunza hata kuvuta pumzi. Kaka akaleta neno, nikavuta pumzi, nikalibeba. La juya sikulitaja. Nilijiambia nangoja wakati mzuri.

Msimu huo tulikwenda dago Shungimbili, kambi ya siku sita kwenye lile fungu la mchanga. Tulipita Ras Kisimani, tukapandisha na mkondo, tukafika. Kambini mlikuwa na sinia moja. Mimi nilikaa kati ya ndugu wale wawili kama ukuta, na mkono wa kila mmoja ulikula upande wake wa wali bila kuvuka kwangu. Wageni wa matembezi waliokuja kuogelea mchana walitupiga picha tukila, watu kumi sinia moja. Mama mmoja akatuinulia dole gumba. 

Siku ya sita asubuhi tulisogea kwenye jarife. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, sandukuni samaki walielea kwenye maji mekundu ya uvuguvugu. Mkondo ulikuwa mkali. Mdogo akatupa nanga, kamba ikaanza kukimbia, na pindi moja ikamkamata mkono dhidi ya kigingi cha kufungia. Mwenyewe alikuwa anatazama majini. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nimemkabili kaka. Kaka aliona. Alikuwa ameshainuka, macho yamemtoka, na angeweza kupiga ukelele ambao ungesikika Kilindoni. Lakini miaka miwili mdomo wake ulikuwa umejifunza njia moja tu.

"Mwambie atoe mkono!" aliniambia mimi.

Na mimi niligeuka. Nilivuta pumzi yangu ile. Nikasema, kwa sauti yangu ile ile ya baridi, sentensi nzima:

"Kaka yako anasema utoe mkono."

Kamba ilikwisha kukaza kabla sijafika kwenye neno "utoe". Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika kwenye kiungo cha pili.

Sikupandisha sauti hata hapo. Wenzetu wanapiga kelele, mdogo amekaa chini anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kaka ameganda kwenye usukani. Mkwe wetu alikiokota kidole akakifunga kwenye kipande cha kanzu kuukuu, akasema tukakizike kambini, dakika moja tu, kisha twende. Mimi mwenyekiti nikatoa amri. "Hapana. Kiwekeni kwenye sanduku. Hospitali watakishona." Nikainuka, nikafungua mfuniko niliokuwa nimeukalia, wakakiweka mle, katikati ya nguru na changu na matumbo yao, kwenye maji yasiyo na barafu. Nikakaa tena juu yake. Safari ilichukua karibu saa nne, mashine inapambana na mkondo, jua linachoma, na mimi nimekalia kidole cha mdogo wangu.

Pale hospitali ya Kilindoni nesi alifungua kile kitambaa, akakirudisha kama kilivyokuwa.

"Nani kawaambia mkiweke na samaki?"

Wote wakanitazama mimi.

"Mimi," nilisema. Lilikuwa neno dogo sana. Nikashangaa kwamba lile la asubuhi ya uji lilikuwa neno hilo hilo.

Tulikizika nyuma ya msikiti siku ile ile. Jioni kabla ya magharibi nikarudi kwenye mashua kuliosha sanduku. Kaka alinifuata ufukweni.

"Mwambie nimesikitika," alisema. "Wewe unajua kumwambia."

Niliendelea kusugua. Ndimu iliniuma kwenye kucha. Sikusema nitamwambia na sikusema sitamwambia, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumfanyia hivyo.

Siku ya tatu tulikuwa Utende, nyumbani kwa shangazi, asubuhi. Uji tena. Mdogo alikaa kitandani, mkono umefungwa bandeji iliyokwisha kugeuka rangi. Kaka alikaa mlangoni. Chumba kizima kilinuka dawa, na chini ya dawa kulikuwa na ile harufu nyingine niliyoifahamu.

"Mwambie abadilishe hiyo bandeji," kaka aliniambia. "Inanuka."

Naapa neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limeshalainishwa. Kaka yako anakuonea huruma, mdogo wangu, nenda ukabadilishe. Niliionja ladha yake. Nikaliweka bakuli chini.

"Simwambii. Yuko hapo."

Shangazi akageuka kutoka jikoni. "Baba, leo si siku ya kushindana."

"Sishindani, shangazi. Na siendi popote. Kaka, nisikilize. Juya la baba nililitoa mimi."

"Kaka, acha," mdogo akaniambia.

"Huyu alitaka tukusubiri. Mimi nikamwambia aweke sahihi, nitakueleza mwenyewe. Sikukueleza. Ulipouliza hapa hapa, alinipisha niseme, nikatazama uji. Miaka miwili umemchukia kwa kitu changu."

Sauti yangu haikuwa ya barafu. Ilikuwa inakwaruza. Kila kitu mwilini kilitaka begi. Nilijua hata basi nitakalopanda nikivuka. Nikabaki juu ya kigoda.

 Kaka akatema mate nje ya mlango.

"Miaka miwili," aliniambia, "nimemla nyama mdogo wangu mikononi mwako. Na wewe ulikuwa unanishikia sahani."

"Ndiyo."

"Mtu mchafu wewe."

"Ndiyo, kaka."

Shangazi alianza kulia, akinitazama mimi, akisubiri nifanye kitu. Siku zote nilifanya kitu. Sikufanya. Kaka akageuka, akamtazama mdogo wake usoni.

"Mkono wako unanuka," akamwambia.

 Mdogo alitazama huku na huku kana kwamba ananitafuta nimpe tafsiri, kisha akaona mimi siye niliyesemeshwa.

"Unanuka tangu juzi," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Basi njoo uufungue. Mkono mmoja siwezi."

Kaka akanyanyuka. Alikunja uso, akageuzia pua pembeni, akaanza kuitoa ile bandeji iliyogandia, na mdogo akamtukana kwa maumivu, tusi zima, halijalainishwa, na kaka akalirudisha. Yalikuwa matusi machafu mbele ya mama yao. Nilitoka uani nikatapika uji wote.

Wiki iliyofuata kikundi kiliniondoa kwenye uenyekiti, bila hata mkono mmoja wa kunitetea, wangu ukiwemo. Kaka akawa mwenyekiti, asiyejua kuandika vizuri na anayepiga kelele kama mnada. Nilitaka kuondoka siku ile ile. Niliondoka, lakini mwaka mmoja baadaye, baada ya kumuaga kila mtu kwa mdomo wangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Mwaka ule nilikaa omo, kwenye kamba, kwa sababu mdogo hakuweza tena kuishika. Yeye alikaa katikati, juu ya sanduku. Juu ya lile sanduku hakuna aliyebeba neno la mtu. Safari ya kwanza kwenda Shungimbili nilitupa nanga, kamba ikakimbia, na mkono wangu ulikuwa pale usipotakiwa kuwa.

"Toa mkono, mpumbavu wewe!" alipiga ukelele kaka kutoka tezi, juu ya kichwa cha mdogo wake.

Nikautoa.